Jino Juu ya Mabati

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu jino kabla sijawahi kushika jino la mtu mkononi. Zilikuwa kurasa za mwanzo za riwaya yangu. Humo mtoto anang'oka jino, anasimama uani asubuhi, analirusha juu ya paa kama tulivyofanya sote upande huu wa mlima, na jino linapaa, linazunguka, linameta, linauchukua utoto wake na kwenda nao. Lilikuwa jino lenye safari ndefu. Sura iliisha kabla halijatua.

Kule Embu ninakoishi tuna kikundi cha waandishi kinachokutana Jumapili alasiri katika chumba cha nyuma cha mkahawa. Siku niliyowasomea sura hiyo, mwenzetu mmoja alifumba macho. Nilidhani ameguswa. Alipoanza kukoroma nilikuwa nimeshaamua kwamba sura ni nzuri, na mimi nikishaamua jambo kuhusu maandishi yangu sibadiliki kwa urahisi.

Likizo ya Aprili ilipofika nikafunga mkoba nikaenda Kibirichia, kwa dadangu, nikamalizie kitabu. Nilijiambia nahitaji baridi. Katika kikundi chetu tunaamini kwamba vitabu vizuri huandikwa mahali penye baridi, na Kibirichia haijawahi kuishiwa nayo. Asubuhi ukungu hushuka kutoka mlimani ukayafunika mashamba ya viazi tuta kwa tuta, hata ng'ombe unamsikia kabla ya kumwona. Nilikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, nikiutazama ukungu kwa macho ya mtu anayetumaini kwamba kuna anayemtazama akitazama. Aliyenitazama alikuwa kuku.

Nyumba ile ina watu watatu. Dadangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama yetu alihamia kwake miguu ilipoanza kumsumbua, lakini bado hakubali mtu mwingine akamue ng'ombe wake. Na kuna mpwa wangu, binti wa miaka minane, msemaji, mcheshi, mwenye maswali yasiyoisha. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa makubwa kuliko uso ulivyoyatarajia, na ncha zake zilikuwa na vijipembe vidogo kama msumeno. Niliyaona. Niliandika hata sentensi kuyahusu. Mwandishi huona kila kitu. Kuelewa anachokiona ni kazi aliyowaachia wengine.

Jumamosi moja dadangu alikwenda harusini Muthara. Wanawake wa shule yao walikuwa wameshona kitenge cha aina moja, na alfajiri alikuwa amesimama mlangoni, ameng'aa kama bendera, akinipa maagizo.

"Mtoto asichezee karibu na shimo la maji. Ale mchana. Na asikusikilize sana."

"Mimi ni mjomba wake."

"Ndiyo maana nasema."

Siku ilipita salama mpaka saa ya kukamua. Kazi ya mpwa wangu saa hiyo ni kushika ndama. Ndama huachwa anyonye kidogo maziwa yashuke, kisha anavutwa pembeni na kushikwa shingoni huku mama akikamua. Ndama yule hakuwahi kuukubali mpango huo. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya banda, nikiwaza kuhusu neno "povu". Maziwa yalikuwa yakilia ndooni kwa mdundo mzuri, na nilikuwa nakaribia kabisa kupata sifa inayofaa povu lile, ndama alipoinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Kichwa chake kikakutana na mdomo wa mpwa wangu.

Hakulia mara moja. Alijishika mdomo, akautazama mkono, akaona damu, kisha akatazama chini. Jino lilikuwa kwenye saruji, karibu na ndoo, jeupe, limelala ubavu.

Mama aliacha ng'ombe. Alimsukutua mtoto kwa maji, akampa kitambaa safi akibane mdomoni, akamkumbatia mpaka kilio kilipotoka na kuisha. Miwani yake ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye Biblia, mahali inapokaa siku zote isipokuwa inapohitajika. Akasema kwa Kimeru, nami hapa namtafsiri vibaya kuliko anavyostahili:

"Ni jino tu. Watoto huangusha meno. Lirusheni juu ya nyumba, panya amletee lingine."

Hebu fikiria furaha yangu. Miezi yote ile nimeandika jino la kubuni, na sasa hili hapa, jino la kweli, damu ya kweli, paa la kweli, na mama mwenyewe ametoa idhini. Nililiokota. Nililishika kwa mzizi, bila shaka. Kama kuna njia mbaya ya kushika kitu, vidole vyangu huijua bila kufundishwa. Mzizi ulikuwa mrefu. Nikawaza: mzizi mrefu, picha nzuri, nitaitumia.

Nikampeleka mpwa wangu uani. Kwa kuwa alikuwa na kitambaa mdomoni, nikajitolea kurusha kwa niaba yake. Mama akatufuata akinielekeza.

"Usilitazame paa. Lipe mgongo. Unarusha nyuma, juu ya bega, hivi."

Hilo sikuwa nimeliandika kwenye riwaya. Nikalipa paa mgongo. Mama naye akageuka, kwa heshima. Mpwa wangu alisimama mbele yangu, uso kwangu, kitambaa chekundu mdomoni, na kabla sijafungua kinywa akainua mkono kama afanyavyo darasani.

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia kwa upole. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama hata akiwa na miaka minane.

Nikaanza. Nilizungumza na jino. Nilizungumza na paa, na mababu, na mlima uliokuwa nyuma ya mawingu na ambao haukuwa umeniuliza kitu. Nilisema kwamba kila tunachokitupa kinatutangulia. Sijui nilimaanisha nini. Mpwa wangu akainua mkono wa pili.

"Subiri, mama, nakaribia mwisho."

Sikuwa nakaribia mwisho. Lakini hatimaye nikarusha. Nyuma yangu nikasikia ko, ko, ko juu ya mabati, kisha kitu kama mkwaruzo, kisha kimya. Nikafikiri kwamba "ko, ko, ko" ni bora kuliko chochote nilichoandika kwenye kurasa zile. Kisha nikainama na kumwambia mpwa wangu, "Sasa sema."

Akatoa kitambaa.

"Anko, hilo si la utoto."

"Si la utoto kivipi?"

"La utoto lilitoka nikiwa gredi ya kwanza. Mimi na shosho tulilirusha hapa hapa. Hilo ndilo lililokuja."

Mama, ambaye ndiye shosho wake, aligeuka polepole. Nami nikauliza swali ambalo bado hunirudia nikiwa napiga mswaki: "Na kwa nini hukusema?"

"Niliinua mkono," akasema. "Niliinua yote miwili."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno kuhusu asiyesikia la mdogo. Naweza kuwasaidia: huyo hupanda paa.

Nilimpigia simu dadangu. Kule Muthara spika zilikuwa zinaunguruma, na watu wanashangilia keki au bibi harusi, sikuweza kutofautisha.

"Mtoto ametoka jino," nikapaza sauti.

"Lipi?"

"La mbele."

"La mbele juu ama chini?"

"Juu. Lile kubwa."

Spika zikaonekana kunyamaza, ingawa najua hazikunyamaza.

"Hilo ni la maisha yake yote," dadangu akasema. "Liko wapi?"

"Lipo."

Katika miaka yote ya kuandika sijawahi kutumia neno lenye ukwepaji mkubwa hivyo. Kwa bahati hakuwa na muda wa kulichambua. Kuna daktari wa meno mjini Meru aliyewahi kuja shuleni kwao kuwapima watoto, dadangu akanitumia namba yake, na chini yake ujumbe: "Mpigie sasa. Fanya anachosema. Usiongeze kitu."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu, ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kujibu. Niliweka simu kwenye spika ili mama asikie.

"Mtoto ana miaka mingapi? Alizimia? Ametapika? Damu inaendelea?"

Nikajibu vizuri. Nilianza kujisikia mtu mwenye msaada.

"Sawa. Jino liko wapi?"

"Juu ya nyumba."

"Samahani?"

"Juu ya paa, daktari. Kwenye mabati."

"Mtoto alikuwa anafanya nini juu ya paa?"

"Mtoto alikuwa chini."

Daktari naye ni mtu wa huku. Nilisikia maarifa yakimwingia taratibu.

"Mlilirusha," akasema.

"Lilirushwa," nikamrekebisha.

"Litoeni huko haraka. Dakika zina maana. Likikauka tutakuwa tunacheza. Msikate simu."

Mama akaitumbukiza simu, ikiwa bado hewani, kwenye mfuko wa aproni yake, akaenda kuleta ngazi. Ngazi ya nyumba ile ni miti miwili iliyounganishwa kwa vijiti na misumari ya kukadiria. Mimi naogopa mahali pa juu. Niliwahi kueleza woga huo kwa kikundi chetu kama "wito wa ardhi", na walipiga makofi. Sasa nilisimama chini ya mabati ya dadangu, na ardhi ikaniita kwa sauti kubwa.

"Utalitafuta wapi?" mama akauliza. "Sote tulilipa mgongo."

"Mimi niliona," mpwa wangu akasema.

Bila shaka aliona. Yeye peke yake alikuwa ametazama upande wa nyumba, mikono yote miwili juu.

"Lilibingirika likaingia kwa gata. Pale karibu na tangi."

Gata ni ule mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na miti ya mikima iliyopandwa mpakani ilikuwa imemwaga majani yake humo. Nikapanda. Mama akashika ngazi kwa mikono yote miwili na kuomba kwa sauti, nadhani kwa ajili ya jino. Nilipofika juu nikaingiza mkono kwenye majani yaliyolowa, nikifumba macho, na nikagusa kitu kigumu.

"Nimelipata!" nikalia, na machozi yakanitoka kweli.

Lilikuwa jiwe. Nikalitupa. Nikapapasa tena, nikampita mdudu ambaye sitamweleza, na hapo, kwenye tope laini, nikaligusa jino. Safari hii nililishika kwa upande unaoonekana mtu anapocheka, kwa sababu sauti kutoka kwenye aproni ya mama ilikuwa ikirudia: "Kwa kichwa chake! Msiguse mzizi! Shika kichwa!"

Nikiwa pale juu nililitazama kwa mara ya kwanza. Kule chini nilikuwa nimependezwa nalo tu, sikuwa nimelitazama. Zile pembe za msumeno zilikuwa pale pale nilipoziandika. Ule mzizi mrefu uliokuwa picha nzuri ulikuwa na utando mwembamba, kama ule wa ndani ya ganda la yai, na nikafahamu, nimening'inia kwenye ngazi, kwamba kitu hiki hakikuwa ishara ya chochote. Kilikuwa sehemu ya mtoto, na mtoto alikuwa chini anaingoja.

Nilipokanyaga ardhi mama alikuwa ameshaandaa sabuni na brashi ya kufulia. "Lete nilisugue, lina tope."

"Msisugue!" aproni ikapiga kelele. Ng'ombe alishtuka. "Mama, tafadhali. Ule mzizi una ngozi hai. Ndiyo italishika jino kwenye mfupa. Ukiisugua umeiua. Kuna maziwa hapo?"

Mama alinyoosha mgongo. Hakuna swali ambalo angefurahi zaidi kuulizwa na daktari. "Maziwa? Binti yangu, hapa kuna ng'ombe."

"Yawe baridi."

Yalikuwepo ya asubuhi, yaliyochemshwa na kupoa, kwenye sufuria jikoni. Na hebu niseme hapa kinachonichoma. Jino lile lilipodondoka, dawa yake ilikuwa ndani ya nyumba, na nyingine inatoka kwenye chuchu hatua chache tu kutoka lilipolala. Nilikuwa nimezungukwa na maziwa. Nami nikatazama bati.

Tulilisuuza ndani ya kikombe, mara moja, kwa upole, mpaka tope likaondoka. Kisha daktari akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Sasa lirudisheni mahali pake."

"Wewe ndiye utalirudisha, daktari. Tunakuja."

"Mko Kibirichia. Kila dakika nje ya mdomo inalipunguzia uhai. Likirudi sasa lina nafasi nzuri. Mtoto akikataa, liwekeni kwenye maziwa mje nalo hivyo. Lakini jaribuni. Nani hapo ana mikono isiyotetemeka?"

Mama aliitazama mikono yake. Alikuwa amebeba hofu yote kimya tangu ndama alipoinua kichwa, na sasa ilikuwa imeshukia vidoleni. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama ng'ombe.

Halafu nikapiga magoti mbele ya mpwa wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, kitambaa mapajani, pengo jekundu mdomoni. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa fupi, nadhani, kuhusu ujasiri.

"Mama," nikaanza, "kuna nyakati katika maisha—"

Akainua mkono. Safari hii nilinyamaza.

"Utaniumiza?"

"Nadhani kidogo."

"Litashika?"

"Sijui. Daktari anasema lina nafasi."

Alifikiri. Aliniangalia kwa muda, akinipima kama mtu anayepima daraja la miti kabla ya kulivuka.

"Sawa. Weka. Lakini usihutubu."

"Sawa."

"Hata tukifika hospitali."

"Sawa."

"Apa."

Nikaapa. Daktari akanielekeza kutoka kwenye aproni: upande laini wenye mviringo utazame nje, kwenye mdomo wa juu, ufuate jino la jirani, sukuma polepole, usilazimishe. Nikashika jino kwa kichwa. Mpwa wangu akanishika sikio, pengine kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, pengine kwa kuwa alijua ndicho kiungo changu kinachohitaji kushikwa. Nikasukuma. Akaguna. Sikio langu likavutwa mpaka nikaona vimulimuli. Kulikuwa na ukinzani mdogo, halafu jino likapanda, likakaa, kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake chenyewe.

Nilikuwa na maneno mengi sana wakati huo. Niliyameza yote, na yalishuka kama viazi vya moto.

"Abane kitambaa," daktari akasema. "Asiachie. Njooni."

Jirani alikuwa akipakia viazi kwenye pikapu ya kwenda mjini; alipomwona mtoto aliteremsha magunia ya mbele bila kuuliza swali, na tukaondoka, mama akabaki na ng'ombe wake. Mpwa wangu alikaa kati yangu na jirani, kitambaa kimebanwa kati ya meno, hawezi kusema. Mimi nimeapa, siwezi kusema. Watu wawili wasemaji kuliko wote kijijini, bega kwa bega, kimya. Nje, jua la jioni lilikuwa limetoboa mawingu na mashamba ya ngano yalikuwa na rangi ambayo siku nyingine ningeiandikia wiki nzima. Nikafungua kinywa. Kidole kidogo kikainuka mbele ya pua yangu. Nikafunga.

Jirani akatutazama mara kadhaa. "Kwani mmegombana?" akauliza. Sote wawili tukatikisa kichwa.

Daktari alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alimpiga picha ya eksrei, akalisogeza jino kidogo tu, akalifunga kwa waya mwembamba uliogandishwa kwa gundi kwenye meno ya jirani, upande huu na upande ule. Aliuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, akaandika dawa, akaeleza chakula laini na mswaki laini. Alizungumza na mpwa wangu, wala si nami, jambo lililoonyesha kwamba anajua kusoma watu.

"Kwa umri wako mzizi haujamaliza kukua. Hiyo ni habari nzuri. Linaweza kushika na kuendelea kuishi. Pia linaweza kufa hapo hapo lilipo, likawa la kijivu, na tutahitaji kulitibu zaidi. Siwezi kukuahidi leo. Tutalitazama pamoja, sawa?"

Mpwa wangu akakubali kwa kichwa.

"Na sasa," daktari akasema akivua glavu, "nani alilirusha?"

Niliinua mkono.

Dadangu alifika akiwa bado na kitenge cha harusi, kipande cha keki kimefungwa kwenye tishu. Alimkumbatia mtoto, akautazama mdomo ule wenye waya. Kisha akanigeukia, na nilijiandaa.

"Umemwambia mtoto nini muda huu wote?"

Nikamtazama mpwa wangu. Akaniruhusu kwa kope.

"Sijasema kitu."

"Wewe? Hujasema kitu?"

Mtoto akathibitisha kwa kichwa. Dadangu akanyoosha mkono akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nilikaa Kibirichia mpaka waya ulipotolewa. Nilikuwa nimepanga kuandika. Badala yake niliponda viazi. Nilijifunza kumpondea mpwa wangu mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi, laini kiasi cha kunyweka, jambo ambalo mama aliliona kama tusi kwa mukimo. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado uani, nilimwita barazani afungue mdomo, nikatafuta kijivu. Nilikuwa nimekuja kutazama mlima, na nikaishia kutazama jino moja, na sikumbuki kama nimewahi kutazama kitu chochote kwa uangalifu kama ule. Sikuwa natafuta neno lake. Nilikuwa naomba tu lisibadilike.

Siku ya waya daktari aligonga jino kwa mpini wa kioo chake kidogo, akasikiliza, akalisukuma kwa kidole. Halikucheza. Likizo ya Agosti nikarudi tena kwa ajili ya miadi, na kwenye picha mpya akatuonyesha: mzizi ulikuwa umeongezeka. "Linakua," akasema. "Bado nitataka kuliona. Lakini kwa leo, liko hai." Dadangu alilia, jirani mwenye pikapu akashukuru Mungu, na mimi nikauliza kama naruhusiwa kusema kitu. Mpwa wangu alifikiri, akasema niseme sentensi moja. Nikasema, "Asante, daktari." Ilikuwa sentensi nzuri. Sijaandika iliyo bora.

Jino lenyewe limeinama kidogo kuelekea mwenzake, kama mtu anayesikiliza.

Siku iliyofuata mpwa wangu alinijia barazani na kitu kiganjani. Jino jingine, dogo, la pembeni, halina mzizi wa kuonekana.

"Anko. Hili ni la paa ama la kikombe cha maziwa?"

Nikalitazama. Nilikuwa na nadharia, lakini niliiacha.

"Sijui. Tumuulize mama yako."

Dadangu alitoka jikoni, akamfungua mdomo, akatazama chini ya mwanga, akatamka kwamba ni la paa. Hivyo tukasimama tena uani. Safari hii mrushaji alikuwa mwenye jino, nami nilipewa kazi ya kusimama mbele yake, uso kwa nyumba, nishuhudie. Akalipa paa mgongo. Akapumua.

"Ewe jino," akaanza.

Nilisimama nikisikiliza. Alizungumza na jino, na panya, na tangi. Aliusalimu mlima. Alipofikia mababu, jino lile la mbele liling'aa kila alipofungua kinywa, na nilikuwa tayari kumsikiliza mpaka jioni, isipokuwa kwamba nyuma yake, bila haraka, ndama yule, ambaye sasa amekuwa mtamba, alikuwa amefungua kilango na kuingia kwenye viazi.

Niliinua mkono.

"Subiri, Anko," akasema. "Nakaribia mwisho."